Kurasa Sita Kati ya Nane

Kaka Deo alioa akiwa na mvi. Sisemi hivyo kwa kumcheka, maana hata mimi siku hizi kioo hakinionei haya. Harusi ilifungwa kanisani Ijumbi, na mvua ya Muleba, ambayo haijawahi kumheshimu bwana harusi yeyote, ilishuka mara tu maharusi walipotokeza mlangoni. Tulikimbilia kwenye maturubai viatu mikononi, na nilipokaa nilijikuta nimebanana na Kokushubila, ambaye hatukuwa tumeonana naye kwa miaka mingi. Alikuwa amenawiri, amevaa gauni la zambarau, na kicheko chake kilikuwa kilekile kinachotangulia kichekesho. "Mwalimu!" alipaza sauti, akanikumbatia sahani yangu ya pilau ikiwa katikati yetu. Mezani petu alikuwapo ndugu mmoja wa bibi harusi, fundi wa seva huko Dodoma, akimweleza jirani yake kwamba kuna kitu ukikiwasha kwenye seva unapata memori ya bure, na wala hujui nani aliyekibuni. "Watakuwa Wazungu tu," jirani alimjibu, akirudia nyama. Koku alinikanyaga mguu chini ya meza. Tulitazamana, tukacheka mpaka mshereheshaji akatusimamisha kwa kipaza sauti, akitaka kujua upande ule kuna nini cha kuchekesha kuliko yeye.

Nilirudi Bukoba kesho yake nikiwa na mwaka mmoja tu kichwani. Habari za nilikozaliwa na shule nilizosoma hazina kazi hapa. Mwaka ule ulikuwa na mlango wake wenyewe, nao ulikuwa mlango wa nyumba moja ya Nyanga, hapohapo Bukoba, katikati ya kibanja cha migomba na mibuni. Ilikuwa na sebule, vyumba viwili na jiko la nje. Sebuleni tuliweka meza tatu za mbao zisizolingana urefu, na seva ikakaa chumba cha nyuma, ambacho kabla yetu kilikuwa cha kuivishia ndizi. Harufu ya ndizi mbivu haikutoka ukutani mwaka mzima. Hadi leo nikisikia feni ya kompyuta ikivuma, pua yangu hutafuta ndizi. Mvua ikinyesha, bati lilipiga kelele kiasi kwamba tulizungumza kwa ishara. Umeme ulipokatika, betri zilitupa muda wa kuhifadhi kazi tu, kisha tukatoka nje kumsaidia mwenye nyumba kugeuza kahawa iliyoanikwa kwenye mikeka, tukiendelea kubishana habari za kerneli. Mwenye nyumba alitusikiliza kwa heshima, kama mtu anayesikiliza misa ya lugha ngeni.

Kaka Deo alikuwa amefanya kazi nje ya nchi kwa miaka mingi, katika kampuni inayokodisha seva, na kazi yake ilikuwa hiyo kerneli: moyo wa mfumo endeshi, unaogawa memori na kuamua programu ipi ipate zamu. Alirudi nyumbani kwa sababu mama yake, Ma Yustina, aliteleza shambani Ijumbi akavunjika nyonga, na hakukuwa na mtoto mwingine wa kumshika mkono. Kampuni ilimruhusu afanyie kazi huku kwa mwaka mmoja, na achukue wasaidizi wawili. Koku alitangulia. Alikuwa fundi wa simu mjini, na tayari alikuwa na sifa ya kukiharibu kitu kwanza ili ajue kilivyoungwa. Mimi nilikuwa nafundisha kompyuta katika sekondari moja ya Kagondo, wanafunzi wengi na kompyuta chache, nikichora kibodi ubaoni kwa chaki. Siku moja Deo alikuja kurekebisha mtandao wa shule, akasimama mlangoni kunisikiliza nikieleza memori ni nini. Kipindi kilipoisha aliniuliza, "Mwalimu, unaweza kueleza hivyohivyo kwa Kiingereza, kwa watu wasiotaka kuelewa?"

"Wasiotaka kuelewa ndio ninaowafundisha kila siku," nilimjibu.

Alicheka sana, na wiki iliyofuata nilikuwa na meza yangu Nyanga, ile fupi kuliko zote.

Kazi yenyewe naweza kuieleza hata leo bila ubao. Kerneli huikata memori yote vipande vidogo vinavyoitwa kurasa, na kila ukurasa huupa lebo yake: nani anautumia, uko huru au hauko. Lebo ni ndogo, lakini nayo hukaa kwenye memori ileile. Sasa programu kubwa hazipendi kuhangaika na vipande vidogo, kwa hiyo kerneli huziunganishia kurasa mia tano na kumi na mbili zikawa ukurasa mmoja mkubwa. Hapo ndipo palipokuwa na ubadhirifu. Ukurasa umekuwa mmoja, lakini lebo zimebaki zilezile mia tano na kumi na mbili, nazo zimejaza kurasa nane nzima za memori. Chache za mwanzo ndizo zenye habari. Zilizobaki zote zinasema neno moja tu: kamuulize mkubwa wetu. Wazo la Deo lilikuwa kwamba hakuna haja ya kuliandika neno lilelile mara mamia. Tubakize kurasa mbili za lebo, na yeyote anayezitafuta zile sita nyingine aelekezwe kwenye ule wa pili, asome jibu lake aondoke, bila kujua kwamba wenzake wote wanasoma nakala hiyohiyo. Kurasa sita kati ya nane zingerudi kwenye matumizi. Kwa kompyuta ya mtu mmoja hicho ni kitu kidogo. Kwa kampuni yenye majumba yaliyojaa seva, ni kama kuokota seva barabarani.

Kila Ijumaa mchana tulipakia kompyuta kwenye pikapu ya Deo tukaenda Ijumbi, kwa sababu Deo hakukubali Jumamosi na Jumapili zipite bila kumwona mama yake, na sisi hatukukubali zipite bila kula chakula chake. Ma Yustina alikuwa akipika kwa mdomo. Alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jiko, fimbo mapajani, akimwamrisha binti wa jirani aliyekuwa akimsaidia: funika majani, punguza moto, hapo umeweka chumvi ya kumtosha kuku tu. Ebitoke, yaani ndizi za kupika, vilikuja vimeiva hadi vinang'aa, vimechanganywa na maharage, na pembeni samaki wa kukaushwa kwa moshi. Msimu wa senene, wale panzi wa kukaanga, ulipofika tulikula senene asubuhi, mchana na kati ya milo. Koku aliwamwaga kwenye kibodi yake mara moja, na herufi moja ikawa inakwama mpaka mwaka ulipoisha. Baada ya chakula Ma Yustina alitupa akamwani, zile punje za kahawa za kutafuna anazopewa mgeni, ingawa tulikuwa tumeacha kuwa wageni zamani. "Mgeni ni yule anayejua saa ya kuondoka," alisema. "Ninyi hamjui."

Kuta za ndani za nyumba ile hazikufika kwenye paa, kwa hiyo yaliyosemwa chumba kimoja yalikuwa mali ya nyumba nzima. Jumamosi moja nikiwa nimejilaza baada ya kula, nilimsikia Ma Yustina akiongea na jirani yake Ma Levina upande wa pili.

"Hawa watoto wanafanya kazi gani hasa?" aliuliza Ma Levina.

"Ya kurasa."

"Za kitabu?"

"Sijui ni kitabu gani. Ninachosikia ni kwamba kurasa ni nyingi mno, na zote zimeandikwa kitu kimoja."

"Mawe!" Ma Levina alishangaa kwa Kihaya. "Basi ni kitabu cha serikali."

Niliuma shuka nisicheke. Nilipomsimulia Deo tukiwa njiani kurudi, ilibidi asimamishe gari. Tangu siku hiyo, faili tulilolifanyia kazi lilipata jina la Kitabu cha Serikali, na kuna watu wa mbali wasiojua Kiswahili waliowahi kuliona jina hilo kwenye kazi zetu za awali wakauliza maana yake. Deo aliwajibu kwamba ni neno la kitaalamu.

Nikiutazama mwaka ule kutoka huku niliko, naona kwamba tulicheka sana kwa sababu hatukujua kilichokuwa kinatusubiri. Tulikijua siku moja alasiri, Nyanga. Deo alitoka barazani kupokea simu ya kampuni, na dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia akisema ndiyo, ndiyo, kisha akasema kwa Kiingereza kwamba mama yake hawezi kupanda ngazi za ndege, achilia mbali kuishi kwenye baridi. Aliporudi ndani aliketi, akazungusha kikombe chake cha chai kilichokwisha poa.

"Mwaka ukiisha hawaniongezei muda, wananitaka nirudi," alisema.

"Na kazi hii?" Koku aliuliza.

"Kiraka chetu kikikubaliwa kwenye kerneli kuu kabla ya hapo, wako tayari tubaki hapahapa, watufanye ofisi kabisa. Kisipokubaliwa, watasema huku hakuna kinachofanyika. Na hawatakuwa wamekosea."

Kiraka ndilo neno letu la badiliko unalolipeleka lishonewe kwenye kerneli. Kerneli ile si mali ya kampuni moja. Watu wa dunia nzima huipelekea viraka kwa barua pepe, hadharani, na wakaguzi huvipasua hadharani vilevile. Tukaacha kwenda kugeuza kahawa. Na kana kwamba seva ilikuwa imesikia mazungumzo yale, kesho yake ilianza kufa.

Ilikufa bila mpangilio. Iliweza kwenda vizuri asubuhi nzima, kisha programu moja isiyohusika na lolote inaanguka, halafu nyingine, halafu kila kitu. Koku, ambaye kazi yake ilikuwa kuitesa mashine, alifurahi mwanzoni. "Imekufa tena!" alikuwa akitangaza kutoka chumba cha ndizi kwa sauti ya mtu aliyeshinda bahati nasibu. Siku zilipozidi, furaha ikamwisha. Tulijua aina ya kosa: mtu fulani, mahali fulani ndani ya kerneli, alikuwa anaandika kitu kwenye mojawapo ya zile lebo zetu za pamoja. Zamani angechafua lebo moja tu ambayo hakuna anayeijali. Sasa, kwa kuwa lebo ni nakala moja inayosomwa na wote, uchafu wake ulionekana kila mahali kwa mpigo. Lakini tulipofika kwenye maiti, muuaji alikuwa ameshaondoka.

Nilikuwa nikinawa mikono nje ya jiko pale Nyanga jambo liliponijia, nikakimbilia sebuleni mikono ikidondosha maji. "Hizo lebo za pamoja zipo za kusomwa," nilisema. "Hakuna mwenye ruhusa ya kuziandika. Kwa nini tumeziacha wazi?"

Deo alinitazama. "Endelea."

"Tuuwekee huo ukurasa alama ya kusoma tu. Atakayejaribu kuandika, mashine imkamate palepale, kabla hajaondoka."

"Mashine itakufa mara moja," Deo alisema.

"Ndiyo. Ife akiwa bado ameshika kisu."

Koku alikwisha kuinuka. Tulibadilisha mistari michache, akaiwasha, tukasimama wote watatu mlangoni mwa chumba cha ndizi kama watu wanaosubiri nesi atoke wodini. Ikafa. Koku akapiga kelele, na safari hii ilikuwa ya furaha tena, maana kwenye skrini kulikuwa na jina kamili la programu inayoendesha kadi ya mtandao, na mstari wenyewe uliokuwa ukiandika pasipostahili. Lilikuwa kosa la zamani la mtu mwingine, lililoishi kwa amani miaka yote kwa sababu halikuwa limemdhuru yeyote. Tulilirekebisha, tukampelekea mwenyewe, naye akatushukuru kwa adabu. Siku ile tulikula sato mzima wa kuchoma mjini, tukiwa na mikono ya mafuta hadi kwenye viwiko, na Deo akasema kwamba amefanya kazi na watu wenye shahada ndefu kuliko barabara ya Muleba, ambao hawajawahi kumpa siku kama hiyo.

Basi tukakipeleka kiraka hadharani. Majibu yalikuwa mema, isipokuwa ya mkaguzi mmoja ambaye Koku alimbatiza Bwana Hapana, kwa sababu barua zake zote zilianza kwa neno hilo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeona mambo mengi yakianguka. Alituandikia swali moja: "Hapana. Mnapouvunja ukurasa mkubwa ili urudi kuwa kurasa ndogo, lebo zake zote zinahitajika tena. Mmekwisha kuzigawa zile kurasa sita kwa wengine. Kama memori imejaa, sita nyingine mtazitoa wapi?" Ilikuwa kweli tupu. Mtu huachilia memori hasa wakati memori imekwisha, na sisi tulikuwa tumetengeneza kitu kinachohitaji memori kwanza ndipo kiachilie memori.

Hapo ndipo mimi na Deo tulipogombana, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Yeye alitaka tuweke akiba pembeni tangu mwanzo, kurasa kadhaa zisiguswe na yeyote. Mimi nikasema akiba ikiwa ndogo itakwisha, na ikiwa kubwa tutakuwa tumekula faida yote tuliyoitafuta. "Basi wewe unataka nini?" aliniuliza. Tulikuwa Ijumbi, tumekaa barazani, chakula kinapoa.

"Tukatae," nilisema. "Memori isipopatikana, ukurasa mkubwa usivunjwe. Ubaki mkubwa, ukiwa mzima, tujaribu tena baadaye. Hakuna atakayekufa kwa kusubiri."

"Mwalimu, kuachilia hakukataliwi! Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa. Mtu anarudisha kitu, halafu wewe unamwambia rudi kesho?"

"Ndiyo. Kuliko kumdanganya kwamba nimepokea."

"Hapana."

"Na wewe umekuwa Bwana Hapana?"

Koku aliinama kwenye sahani yake. Deo alinyanyuka akaenda kusimama kwenye migomba, na Ma Yustina akatuita kutoka ndani kwamba kama tumeshiba maneno, chakula apewe mbwa. Alirudi, tukala. Siku ya Jumatatu Koku alizijaribu njia zote mbili, akaikaba seva koo mpaka isibaki na ukurasa huru hata mmoja. Akiba ya Deo ilimalizika na mashine ikaanguka. Njia yangu iliifanya mashine igune, ikatae, isubiri, kisha memori ilipopatikana ikamaliza kazi yake. Koku alitupatia majibu bila kumtazama yeyote. Deo aliyasoma, akasema atafikiri.

Hakupata nafasi ya kufikiri. Wiki ileile Ma Yustina alishikwa na nimonia, na Deo akaondoka mbio kumpeleka hospitali Muleba. Simu yake ikawa haipatikani. Na wiki hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho: kerneli kuu hufungua mlango kupokea mambo mapya, kisha huufunga kwa miezi, na msimamizi alikuwa ameandika kwamba bila jibu la swali la Bwana Hapana, kiraka chetu kisubiri msimu mwingine. Msimu mwingine Deo angekuwa ameshapanda ndege. Koku alinisukuma mlangoni. "Nenda ukamwulize mwenyewe. Mimi nitabaki na hii maiti isiyokufa."

Nilifika Muleba alasiri, nimelowa hadi kwenye soksi. Deo alikuwa kwenye benchi la nje ya wodi, shati limekunjamana, kando yake chupa ya uji. Nilimwamkia, nikamwuliza hali ya Mama.

"Anapumua vizuri kuliko jana," alisema. "Asubuhi amemgombeza nesi kwa kutandika vibaya. Nadhani atapona."

Nilimshukuru Mungu, kisha nikakaa. Nilimweleza habari za mlango unaofungwa. Alisikiliza akitazama nyasi zilizoloa, na alipojibu alizungumza polepole.

"Mimi sijaikubali njia yako, Mwalimu. Si kwamba nimeona kosa. Nimezoea nyingine tu. Wewe unaiamini?"

"Naiamini."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kumjibu Bwana Hapana mbele ya watu wote."

"Basi mjibu. Kwa jina lako, si langu. Ukijificha nyuma yangu atakunusa." Akanipa uji uliobaki ninywe.

Nimeandika mambo mengi tangu hapo, lakini hakuna lililonitoa jasho kama ukurasa ule mmoja wa Kiingereza asubuhi iliyofuata, Nyanga, Koku akiwa amesimama nyuma ya kiti changu akisoma kila neno kwa sauti. Niliandika nilivyokuwa nikiandika ubaoni Kagondo. Kwanza nikakubali kwamba swali lake ni sahihi. Kisha nikaeleza kwa nini akiba haitoshi, nikaweka majibu ya majaribio ya Koku, yale ya kufaulu na yale ya kufa. Nikamalizia kwamba ukurasa ambao hauwezi kuvunjwa salama ni heri ubaki mzima na mwenyewe aambiwe ukweli. Nilikaa na kidole juu ya kitufe mpaka Koku akakibonyeza yeye. "Usiniangalie hivyo," alisema. "Ungezeeka hapo."

Jibu halikuja siku ile. Lilikuja Jumamosi, tukiwa Ijumbi wote, kwa sababu Ma Yustina alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani na Koku alisema ndizi za kumpokea haziwezi kumenywa na watu wa kukodi. Tulikaa kwenye mkeka nje ya jiko, visu mkononi, utomvu umeganda vidoleni, na Ma Yustina kwenye kiti chake, amekonda lakini sauti ipo palepale, akitukosoa namna tunavyomenya. Simu ya Koku ilikuwa imetundikwa juu ya mbuni, mahali pekee penye mtandao. Ililia. Aliiendea akijifuta mikono kwenye nyasi, akasoma, kisha akatoa ukelele uliowatoa kuku wa Ma Levina kibanjani. Kwa mara ya kwanza barua ya Bwana Hapana ilianza kwa neno jingine. Ilisema: "Ndiyo. Hili ndilo jibu nililokuwa nikilingoja. Kuna mwenye swali jingine?" Chini yake msimamizi alikuwa ameandika kwamba hakuna, na kwamba amekipokea kiraka. Jina langu lilikuwa juu, la Koku kwa majaribio, la Deo kwa wazo. Deo aliisoma barua mara mbili, akanishika mkono wangu wenye utomvu kwa mkono wake wenye utomvu, akatembea hadi kwenye mbuni kupiga simu kwa kampuni. Tulimwona akiitikia kwa kichwa, akicheka, akiitikia tena.

"Sasa mnalia au mnacheka?" Ma Yustina aliuliza.

"Kazi imekubaliwa, Mama," nilimwambia.

"Ile ya kurasa?"

"Ile ya kurasa."

Alingoja mpaka mwanawe aliporudi mkekani. "Kwa hiyo unaondoka lini?" alimwuliza.

Deo aliweka kisu chini. Mwaka mzima hakuwa amemwambia lolote la kuondoka, wala sisi hatukuwa tumelitaja mbele yake. "Siondoki, Mama. Wamekubali nifanyie kazi hapa."

Ma Yustina akaniambia, "Mwalimu, mwanangu, ingia chumbani kwangu. Chini ya kitanda kuna mfuko. Niletee." Niliuleta. Ulikuwa mzito, umefungwa kwa kamba ya mgomba. Deo aliufungua kwenye mkeka: kahawa iliyokaangwa na kutwangwa, akamwani iliyofungwa kwenye majani, na chini kabisa sweta nene la buluu, alilolifuma mwenyewe, la kuvaliwa na mtu anayekwenda kwenye baridi.

"Ulijua?" Deo aliuliza.

"Nilijua tangu siku uliyokuja. Nilianza kulifuma mfupa ukiwa bado unauma."

"Mbona hukuniambia nibaki?"

"Ungebaki kwa ajili yangu, ukaninunia mpaka nife. Hapana. Baki kwa ajili ya hizo kurasa zako, hilo nalikubali." Akamnyang'anya Koku kisu na kuanza kumenya mwenyewe, haraka, kichwa kimeinama. "Kahawa iliwe sasa hivi. Haina tena safari."

Tukatafuna akamwani ya safari mpaka meno yakawa meusi. Deo alilivaa lile sweta palepale, jua likiwa kali, mikono yake ikiwa mifupi kidogo, akaketi tena kumenya nasi. Baada ya kitambo nikaona utomvu umeshagusa mkono wa sweta, doa la kwanza, kisha la pili. Doa la utomvu wa ndizi halitoki kwenye nguo, na hakuna aliyelijua hilo kuliko Ma Yustina, ambaye alikuwa amewahi kumfukuza Koku mkekani asije akaichafua kanga tu. Nilimtazama. Alikuwa ameyaona madoa. Akamsogezea mwanawe chane nyingine, wala hakumwambia alivue.